Kompyuta zimefika hospitalini, faili la mgonjwa bado halisafiri

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KILA mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea Moshi hufurika mabasi na magari madogo. Ni msimu ambao Wachaga waishio mbali na nyumbani hurejea vihambani kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, safari ambayo watani wao wameipachika jina la kwenda "kuhesabiwa". Huja na watoto, wajukuu na mizigo ya sikukuu. Wapo pia wanaokuja na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo ambayo wamekuwa wakitibiwa mjini kwa miaka mingi.

Kisichosafiri nao ni faili.

Mzee aliyehudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka 10 katika hospitali ya Dar es Salaam, akizidiwa usiku wa mkesha wa Krismasi akiwa Marangu au Kibosho, hupokelewa kama mtu asiye na historia. Tabibu wa zamu huuliza anatumia dawa gani, naye mkewe hujibu kwamba ni vidonge vidogo vyeupe vya asubuhi na vingine vikubwa vya jioni. Kipimo cha figo alichofanyiwa mwezi uliopita kipo, kimeandikwa na kimehifadhiwa vizuri, lakini kimehifadhiwa umbali wa kilometa zaidi ya 500. Kwa hiyo kitarudiwa, na kitalipiwa tena. Iwapo mgonjwa ana mzio wa dawa fulani na hawezi kuzungumza, hapo suala linakuwa kubwa kuliko fedha.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba mara nyingi pande zote mbili zina kompyuta. Kumbukumbu za mgonjwa ziliingizwa katika mfumo huko alikotoka, na zinaingizwa upya katika mfumo mwingine hapa alipofika. Tatizo si ukosefu wa mashine, kama lilivyokuwa miaka 20 iliyopita. Tatizo ni kwamba mashine hizo hazisemezani.

Moshi ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hilo, kwa sababu ngazi zote za tiba zinapatikana katika eneo dogo, na kila ngazi ina mwenyewe. Vituo vya afya vya Majengo na Pasua vipo chini ya Manispaa, na kwa hiyo chini ya TAMISEMI. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, iliyopo katikati ya mji, ipo chini ya Wizara ya Afya. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa mikoa ya kaskazini, ni ya Shirika la Msamaria Mwema lenye mizizi katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Ukipanda mlimani utakuta Kibosho, Kilema na Huruma za Kanisa Katoliki, kisha Machame na Marangu za KKKT. Ukielekea Siha ipo Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu na sasa ni hospitali maalumu ya kitaifa ya magonjwa ambukizi.

Mama mjamzito wa Rombo anayepata kifafa cha mimba anaweza kuzipitia ngazi tatu kati ya hizo kwa siku moja. Katika kila mlango ataandikishwa upya. Kinachomuunganisha kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni kadi yake ya kliniki na barua ya rufaa iliyoandikwa kwa mkono, pengine kwa haraka, na muuguzi aliyekuwa na wagonjwa wengine wanne wakimsubiri.

Mfumo uliozaliwa dirishani

Ili kuelewa hali ilivyofika hapa, inafaa kuuliza kompyuta hizo ziliingia hospitalini kupitia mlango gani.

Kabla yake yalikuwapo makaratasi ya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenea nchini katika miaka ya 1990. Hadi leo muuguzi wa zahanati anavijua vitabu vyake kwa namba: cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 12 ni cha wodi ya wazazi. Kila mwisho wa mwezi hesabu za vitabu hivyo hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Katika muongo uliopita hesabu hizo zilihamishiwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kuendelezwa hapa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mfumo mzuri kwa kazi yake, lakini kazi yake ni kuhesabu. Unajua ni wajawazito wangapi walihudhuria Pasua mwezi Machi. Haujui ni nani, wala kama mmoja wao alikuwa na presha.

Mifumo inayomjua mgonjwa kwa jina ilikuja kwa njia nyingine, nayo ni njia ya fedha. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001, ulizitaka hospitali ziwasilishe madai kwa fomu moja na bei zinazofahamika. Baadaye TAMISEMI ilisambaza katika vituo vya halmashauri mfumo wa GoT-HoMIS, na sifa yake kubwa iliyotangazwa na viongozi kila mahali ilikuwa kupanda kwa makusanyo baada ya kuziba mianya ya dirisha la malipo. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Mapato yaliyokuwa yakipotelea mifukoni yalionekana.

Lakini chombo hubeba tabia ya kazi kilichoundiwa. Mfumo uliozaliwa kwenye dirisha la malipo huuliza kwanza kilichouzwa, kwa bei gani na nani analipa. Hauulizi kwa uzito uleule daktari alifikiri nini, alikataa dawa gani na kwa nini. Ndiyo maana hospitali nyingi leo zinaweza kutoa kwa dakika chache orodha kamili ya kila bomba la sindano alilotozwa mgonjwa, huku maelezo ya upasuaji wake yakiwa katika karatasi iliyomo ndani ya faili la kadibodi.

Hata njia ya kati ya kubadilishana taarifa, ambayo Wizara ya Afya iliijenga kwa kutumia programu huria na kuipa nafasi katika Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa mwaka 2019 hadi 2024, ilianza kwa mwelekeo huohuo. Miongoni mwa taarifa za mwanzo zilizopitishwa humo kutoka hospitali kubwa ni idadi ya huduma zilizotolewa, vitanda vilivyojaa, vifo na mapato. Ni taarifa muhimu kwa mpanga bajeti. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomsaidia tabibu wa zamu wa mkesha wa Krismasi.

Upo ushahidi kwamba maelewano yakitakiwa kwa dhati yanapatikana. Hospitali za serikali, za makanisa na za watu binafsi, ambazo hazijawahi kukubaliana juu ya namna ya kuandika historia ya mgonjwa, zote zimejifunza kuandika madai ya bima kwa namna moja. Sababu inaeleweka: dai lililokosewa hukatwa au hurudishwa. Barua ya rufaa iliyokosewa hairudishwi na mtu.

Saba au mia moja ishirini na sita?

Kiwango cha kubadilishana taarifa za tiba ni neno linalowachosha wasomaji wengi, na pengine ndiyo sababu limeachiwa wataalamu wa TEHAMA peke yao. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba si suala lao peke yao.

Sukari ya damu kabla ya kula ikifikia 7.0 katika maabara nyingi za Tanzania, ambazo hupima kwa milimoli kwa lita, daktari huanza kuzungumzia kisukari. Mashine ndogo ya nyumbani ambayo mzee ametumiwa na mwanawe aishiye Marekani itaisoma sukari hiyohiyo kuwa 126, kwa sababu huko hupima kwa miligramu kwa desilita. Binadamu akiona 126 atashtuka na kuuliza. Kompyuta iliyopokea tarakimu bila kizio chake haishtuki. Itaihifadhi, itaichora katika grafu, na kama imeunganishwa na mfumo wa kutoa tahadhari itapiga kelele kwa jambo ambalo halipo, au itanyamaza kwa jambo lililopo.

Kiwango, basi, ni makubaliano kwamba tarakimu haitasafiri bila kizio, kwamba kila kipimo kitakuwa na jina moja linalofahamika pande zote, na kwamba ugonjwa utaandikwa kwa alama moja. Shinikizo la damu la kawaida, kwa mfano, ni I10 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya ICD-10, liwe limeandikwa Machame au Muscat. Kwa majina ya vipimo vya maabara ipo orodha ya LOINC, iliyoanza mwaka 1994. Kwa picha za eksirei na CT-Scan kipo kiwango cha DICOM. Kwa kuzifunga taarifa hizo pamoja na kuzipeleka kuna viwango vya HL7, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1987, ambalo tangu 2014 limekuwa likitoa kiwango kipya kiitwacho FHIR. Hicho huigawa historia ya mgonjwa katika vipande vidogo vinavyojitegemea: huyu ni mgonjwa, hii ni dawa, hiki ni kipimo, huu ni mzio. Mfumo wa hospitali moja unaweza kuomba kipande kimoja tu kwa mwingine, bila kuomba faili zima.

Hakuna kati ya viwango hivyo kilicho siri. Inayokosekana ni nguvu ya kuwataka watu wavitumie.

Wala si kweli kwamba Afrika Mashariki imechelewa kulijua jambo hili. Huko Mosoriot, kijiji cha magharibi mwa Kenya karibu na Eldoret, kituo cha afya kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambayo leo ipo katika nchi nyingi. Karibu zaidi na Moshi, hospitali za KKKT kaskazini mwa Tanzania, Selian ya Arusha ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zilikuwa zikijaribu programu huria ya Care2x katika miaka ya 2000, wakati ofisi nyingi za serikali bado zilitumia taipureta.

Mushi gani?

Hata hivyo, kiwango bora kuliko vyote hakisaidii iwapo mifumo miwili haikubaliani kwamba inamzungumzia mtu mmoja. Kilimanjaro kikwazo hiki kina sura yake. Majina ya koo ni machache na watu ni wengi: Mushi, Massawe, Lyimo, Kimaro, Shirima, Tarimo. Massawe anaweza kuandikwa kwa s moja katika dirisha moja na s mbili katika dirisha jingine. Mwanamke huandikishwa kwa jina la baba akiwa msichana, kwa jina la mume akiolewa, na kwa jina la nyumbani akiletwa na mama mkwe. Tarehe ya kuzaliwa ya bibi ni makadirio.

Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 inatajwa kuwa suluhisho, na kwa watu wazima wenye nayo huenda ikawa. Lakini utaratibu huo ulianzia kwa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaojaa katika mabenchi ya wagonjwa wa nje. Majeruhi wa ajali ya bodaboda anayefikishwa hospitalini bila fahamu naye haji na kitambulisho mkononi.

Ni kwa watoto hao ambapo mkoa huu umeonja ladha ya kinachowezekana. Mpango wa kuboresha taarifa za chanjo, ulioanza mwaka 2013 chini ya Wizara ya Afya na shirika la PATH, uliunda daftari la chanjo la kielektroniki lililoanzia Arusha, kisha likapelekwa mikoa mingine ikiwamo Tanga na Kilimanjaro. Mtoto alipewa kadi yenye alama za mistari kama zilizopo kwenye bidhaa za dukani, na muuguzi wa kituo kingine aliweza kuona ni chanjo zipi alizokwisha kupata. Mama aliyehama kutoka Arusha kwenda Hai hakulazimika kuanza upya. Wauguzi walilalamika, nao walikuwa na hoja, kwamba walitakiwa kuandika mara mbili: katika kompyuta na katika vitabu vilevile vya MTUHA. Mfumo mpya unapoongezwa juu ya wa zamani bila wa zamani kuondolewa, anayebeba mzigo ni mtu wa mwisho katika ngazi.

Faili linalosafiri kupita kiasi

Upo upande wa pili ambao wapenzi wa teknolojia huupita haraka. Wako wagonjwa wasiotaka faili lao lisafiri.

Ni jambo linalofahamika kwa kila aliyefanya kazi katika kliniki za tiba na matunzo ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, maarufu kama CTC, kwamba baadhi ya wateja hutoka mbali wakiziacha kliniki zilizo karibu na nyumba zao. Hawakimbii dawa mbaya. Wanakimbia macho. Katika vijiji vya mlimani, ambako karani wa mapokezi anaweza kuwa binti wa shemeji na muuguzi ni mwanakwaya mwenzako, nauli ya kwenda Moshi mjini ndiyo bei ya siri. Kwa mgonjwa huyo, kutokusemezana kwa mifumo si kasoro. Ndiyo kinga yake.

Siku mifumo itakapounganishwa bila kupangwa nani anaona nini, kinga hiyo itaondoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri za majibu ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na kumpa mwenye taarifa haki ya kujua kilichoandikwa juu yake. Lakini sheria ipo Dodoma na neno la siri la kompyuta limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani katika chumba cha zamu, ambako watumishi watano hulitumia kwa zamu. Pasipo kila mtumishi kuwa na ufunguo wake, na mfumo kuandika ni nani alifungua faili la nani na saa ngapi, haitawezekana kumpata aliyetoa siri.

Kwa hiyo wanaodai kwamba dawa ni mfumo mmoja mkubwa wa taifa zima wanapaswa kusikilizwa kwa tahadhari. Uingereza ilijaribu kuanzia mwaka 2002 kuuendesha mpango wa aina hiyo kutoka juu, ikatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Kenya nayo, ilipohamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 1, 2024, ilishuhudia wagonjwa wakikwama milangoni kwa sababu mfumo wa malipo haukuwa tayari. Na Tanzania yenyewe ilipata somo Mei 12, 2024, pale nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Hospitali ambayo kumbukumbu zake zote zipo kwenye seva ya mbali, siku kama hiyo hurudi kwenye kalamu.

Hoja ya fedha nayo haikwepeki. Sehemu kubwa ya kazi ya takwimu katika CTC, pamoja na mishahara ya wengi waliokuwa wakiziingiza, ilikuwa ikigharimiwa na miradi ya Marekani. Amri ya kusitisha misaada ya Januari 2025 na kufungwa kwa USAID Julai mwaka huohuo vimeacha swali la nani atalipa. Wakati huohuo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamaanisha kwamba madirisha ya malipo yatahitaji mifumo zaidi, si pungufu. Manunuzi yatafanyika. Suala ni kama manunuzi hayo yatamfuata mhasibu peke yake kwa mara nyingine.

Hapo ndipo bodi za hospitali, za dini na za serikali, zina nguvu kuliko zinavyojidhania. Mkataba wa kununua mfumo unaweza kutaja kwamba historia ya mgonjwa itatolewa kwa kiwango kinachosomeka na mfumo mwingine, kwamba kumbukumbu ni mali ya hospitali na si ya kampuni iliyouza programu, na kwamba malipo ya mwisho hayatafanyika hadi barua ya rufaa moja ya kielektroniki iwe imetoka kituo cha afya, ikafika hospitali ya mkoa na kusomeka. Kipengele hicho cha mwisho hakihitaji sheria mpya wala mfadhili. Kinahitaji mjumbe mmoja wa bodi atakayeuliza swali kabla ya kutia saini.

Hadi hapo, wale wanaojiandaa kwa safari ya Desemba hawana budi kuwa wabebaji wa mafaili yao wenyewe: karatasi yenye majina kamili ya dawa na dozi zake, majibu ya mwisho ya maabara pamoja na vizio vyake, neno lolote kuhusu mzio, na picha ya hayo yote katika simu ya mwanafamilia mwingine, kwa kuwa simu ya mgonjwa huenda ikazimika chaji wakati uleule anapozidiwa.